Maswali Yenu: Oscar, Kura na Ubishi wa Kijiweni

*Ndugu mhariri, sisi tuko kumi na kila jioni tunakaa kwenye kibanda cha rolex, chapati ya mayai, hapa Jinja. Tangu uchaguzi wa Januari 2026, gumzo la filamu halifiki mwisho bila kuingia siasa. Juzi mmoja alisema filamu bora ya Oscar inaweza kuongoza kura za mwanzo na bado ikashindwa, kwa hiyo ni wizi. Mwingine akamjibu kwamba hata urais wetu uko hivyohivyo. Tuamulie.*
— Msomaji, Jinja

Wote wawili wamekaribia, ila neno "wizi" limemponza wa kwanza. Maadamu mko kumi, msibishane kwa midomo. Chaneni vikaratasi kumi kutoka daftari la shule, mchague filamu nne: ya mapigano, ya mapenzi, ya vichekesho na ya kutisha. Kila mtu aziandike zote nne kwa mpangilio wa anavyozipenda, 1 hadi 4. Kisha pangeni vikaratasi mafungu manne kwa kufuata chaguo la kwanza peke yake, mbali na mafuta ya kikaango.

Tuseme mapigano wamepata 4, mapenzi 3, vichekesho 2, kutisha 1. Aliyevuka nusu hayupo, maana nusu ya kumi ni 5 na mshindi anahitaji 6. Kwa hiyo fungu dogo kuliko yote linavunjwa. Kile kikaratasi kimoja cha kutisha kinafunguliwa, tunatazama namba 2 yake, tunakuta mapenzi. Sasa ni mapigano 4, mapenzi 4, vichekesho 2. Vichekesho navyo vinavunjwa. Kimoja kimeandika mapenzi namba 2. Kingine kiliandika kutisha, ambayo imeshatoka, basi tunashuka namba 3, nayo ni mapenzi. Mapenzi wamefika 6 na wameshinda. Mapigano, walioongoza tangu mwanzo, wamebaki na 4 zao.

Hivyo ndivyo Oscar inavyohesabu tuzo ya filamu bora tangu 2009, pale idadi ya filamu zinazowania ilipopanda kutoka 5 hadi 10. Zikiwa kumi na kila mtu ana kura moja tu, filamu ingeweza kushinda kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi, huku wengine wote wakiichukia. Mtindo huu huipa nafasi filamu ambayo watu wengi wako radhi nayo, hata kama si kipenzi chao cha kwanza.

Kuna makosa mawili ambayo tunajua mtayafanya. La kwanza ni kuhesabu namba 2 za kila mtu. Hapana: maadamu filamu yako ya kwanza bado iko mezani, chaguo zako zinazofuata hazifunguliwi kabisa. La pili ni yule mjanja atakayeandika mapigano mara nne akidhani anaipa nguvu. Hajaiongezea kitu. Na kama filamu yake ikivunjwa, kikaratasi chake hakina pa kwenda, kinawekwa kando.

Sasa chukueni vikaratasi vilevile mvihesabu kama ubunge wa Uganda. Mapigano wana 4, hakuna mwenye nyingi kuliko hizo, mchezo umekwisha. Kuvuka nusu si sharti. Kumbe tuzo nyingine za Oscar, za waigizaji, mwongozaji na kadhalika, nazo huamuliwa hivi katika kura ya mwisho: anayeongoza hata kwa kura moja amechukua. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi Waganda, alipata yake ya mwigizaji msaidizi mwaka 2021 kwa hesabu ya namna hiyo.

Urais ni jambo la tatu. Katiba, kifungu cha 103, inataka mshindi apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Hapo kwenu ni mapigano na mapenzi, na watu kumi mnapiga upya. Tofauti na Oscar ni hiyo: duru ya pili haisomi vikaratasi vya zamani. Mpenzi wa vichekesho anaweza kubadili mawazo, kununuliwa soda, au kubaki nyumbani. Tangu 1996 duru hiyo haijawahi kufika. Aliyekaribia kwenda huko ni Rais Museveni mwenyewe mwaka 2021, alipopata asilimia 58.38 katika matokeo ya mwisho, ya chini kuliko zake zote. Mwaka huu Tume ya Uchaguzi ilimtangaza kwa asilimia 71.65.

Basi vikaratasi kumi vimetoa matokeo matatu, na hakuna aliyeiba hata kimoja. Wizi ni madai ya aina nyingine, tutayafikia kwa msomaji wa Mbale.

*Rafiki yangu anashikilia kwamba Uganda ilipeleka filamu ya Bobi Wine kwenye Oscar. Mimi nasema serikali isingefanya hivyo hata kwa bunduki. Tumewekeana dau la kilo ya muchomo, nyama ya kuchoma.*
— Msomaji, Arua

Muchomo ni wako, ingawa mwenzio si mwongo wa kutupwa. "Bobi Wine: The People's President", juu ya mwanamuziki aliyegombea urais dhidi ya Museveni, iliteuliwa kweli kuwania Oscar ya filamu ya hali halisi, sherehe ya 10 Machi 2024. Waongozaji ni Moses Bwayo na Christopher Sharp. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2022, kisha National Geographic wakaichukua.

Lakini kundi la filamu za hali halisi haliulizi nchi. Watayarishaji huingia wenyewe, wakitimiza masharti ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema au kushinda kwenye tamasha linalotambuliwa. Nchi hupeleka filamu kwenye kundi moja tu, la filamu ya kimataifa, na hata huko anayechagua ni kamati ya watu wa filamu iliyokubaliwa na waandaaji wa Oscar. Si wizara. Uganda iliingia humo mara ya kwanza mwaka 2022 kwa "Tembele" ya Morris Mugisha, ya Kiluganda, mwaka uleule Tanzania ilipopeleka "Vuta N'Kuvute".

Tuzo ya 2024 ilikwenda kwa "20 Days in Mariupol", juu ya vita vya Ukraine. Hapo kijiweni msikubali hoja mbili. Moja, kwamba kuteuliwa kule kulithibitisha nani alishinda urais 2021. Wapiga kura wa Oscar hupigia filamu, hawakuona fomu hata moja ya matokeo. Pili, kwamba kukosa tuzo kulithibitisha kinyume chake. Kyagulanyi, ndiye Bobi Wine, alipata asilimia 35.08 katika matokeo ya mwisho, akaenda Mahakama ya Juu, akaondoa ombi lake Februari 2021. Habari hizo mbili zinakaa kila moja kwenye faili lake.

*Tumepiga filamu ya saa moja na nusu Kawempe. Wahusika wanachanganya Kiluganda, Kiswahili na Kiingereza kama watu wa mjini. Tunataka kuipeleka kwa kamati ya Oscar. Tuangalie nini?*
— Kikundi cha vijana, Kampala

Urefu hauna shida, filamu ndefu kwa watu wa Oscar ni ile inayozidi dakika 40. Shida yenu ni hicho Kiingereza. Zaidi ya nusu ya mazungumzo lazima yawe ya lugha nyingine. Mwaka 2019 "Lionheart" ya Nigeria iliondolewa kwa sababu ilikuwa na dakika 11 hivi tu za Kiigbo, mengine yote Kiingereza. Haikusaidia kwamba Kiingereza ni lugha rasmi ya Nigeria.

Pimeni mapema, kabla ya kufunga uhariri. Fungueni filamu mkiwa na saa na karatasi yenye safu mbili. Kila mtu anapozungumza, andikeni sekunde zake upande wa Kiingereza au upande wa lugha nyingine. Kiluganda na Kiswahili jumlisheni pamoja, havishindani. Kimya, muziki na milio ya risasi msihesabu, maana kinachopimwa ni mazungumzo. Mkikuta Kiingereza kimefika hata asilimia 40, rudini mrekodi upya sauti za maonyesho mawili matatu. Na jamani, sauti ya vijei anayetafsiri juu ya filamu si mazungumzo ya filamu, hata awe fundi kuliko waigizaji wenyewe.

Jambo linaloangusha wengi zaidi ni mahali pa kuonyeshea. Wanataka siku 7 mfululizo kwenye jumba la sinema la biashara, watu wakikata tiketi. Kibanda cha video chenye benchi na deki hakihesabiki, hata kijae hadi mlangoni. Filamu ikitangulia YouTube au televisheni kabla ya jumba la sinema, imejifunga yenyewe. Zuieni kidole cha mwenzenu mwenye haraka. Halafu maandishi ya Kiingereza chini ya picha ni lazima. Mpeni kazi hiyo mtu anayejua lugha zote tatu, msiachie programu ya simu, kwa sababu misemo ya Kawempe itatoka kama maelekezo ya dawa.

*Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu ametuma picha ya fomu ya DR akisema ni ushahidi wa wizi. Tutajuaje?*
— Msomaji, Mbale

Fomu ya DR ni tamko la matokeo ya kituo kimoja, hujazwa na msimamizi wa kituo baada ya kuhesabu, na mawakala wa wagombea husaini. Ikuzeni picha, kisha mtazame kwa mpangilio huu. Jina la kituo pamoja na herufi zake, kwa mfano A–M au N–Z, maana kituo kimoja huweza kugawanywa na fomu ya nusu ikatembezwa kama ya kizima. Tarakimu za kila mgombea zilingane na maneno yaliyoandikwa pembeni. Kisha hesabu: kura halali jumlisha kura batili ni sawa na karatasi zilizotoka kwenye sanduku. Zilizoharibika ni kitu kingine. Hizo ni zile ambazo mpigakura alikosea akazirudisha akapewa nyingine, hazikuingia sandukuni. Wengi huzijumlisha humo, wakapata ziada, wakapiga kelele bure.

Namba zikikataa baada ya hapo, mna dosari halisi mkononi. Lakini dosari ya kituo kimoja na kubadilika kwa mshindi wa nchi nzima ni mambo mawili. Mwaka 2001 na 2006 Mahakama ya Juu ilikiri kwamba sheria za uchaguzi zilikiukwa, ila majaji wengi wakasema haikuthibitishwa kwamba ukiukaji huo uliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kura za majaji zilikuwa 3 kwa 2, kisha 4 kwa 3. Ilikuwa karibu hivyo. Ombi la kupinga urais hufunguliwa ndani ya siku 15 tangu kutangazwa, na mahakama ina siku 45 za kuamua.

*Ni kweli Oscar waliwahi kumtangaza asiyeshinda?*
— Msomaji, Mbarara

Kweli, 26 Februari 2017. Kila tuzo ilikuwa na bahasha mbili zinazofanana, seti moja kila upande wa jukwaa, ili mtoaji wa tuzo apewe yake popote anapotokea. Bahasha ya mwigizaji bora wa kike ilitumika upande mmoja, pacha wake akabaki upande wa pili, na mhasibu akampa Warren Beatty hiyohiyo badala ya ya filamu bora. Ndani akaona jina la Emma Stone na "La La Land", akasita, na Faye Dunaway akasoma jina la filamu. Watayarishaji walikuwa tayari kwenye hotuba za shukrani ndipo ikasemwa kwamba mshindi ni "Moonlight". Baadaye wahasibu walikatazwa simu nyuma ya jukwaa, na mmoja zaidi akawekwa kwenye chumba cha mitambo, akiwa na majina yote kichwani.

*Sherehe ijayo ni saa ngapi kwetu?*
— Msomaji, Kasese

Imepangwa Jumapili 14 Machi 2027. Ikianza saa moja jioni ya New York kama miaka hii ya karibuni, kwetu ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Msichukue saa ya 2025: ile ilikuwa 2 Machi, Wamarekani hawajasogeza saa zao, ikaanza kwetu saa tisa. Safari hii wanasogeza siku hiyohiyo alfajiri. Tuzo ya filamu bora hutoka mwisho kabisa, baada ya saa tatu na zaidi, kwa hiyo mnaolala mapema wekeni kengele ya saa kumi na moja. Wekeni na yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, tangu Jumamosi. Kuanzia 2029 sherehe itahamia YouTube bila malipo, basi gharama itabaki ya bando tu.