Uvimbe wa sikio usiuite jipu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye nyumba ya wanyama wa maabara hapa Mbeya, juzi nimemwona tena mtu na sindano mkononi, anataka kutoboa uvimbe chini ya sikio la panya. Nawapenda, ila kwa hili sinyamazi.

1. Jike mzee wa Sprague-Dawley, ukoo wa panya weupe wa maabara, akiota uvimbe wa titi, ni kawaida ya ukoo ule. Pima, andika upande na tarehe, endelea.

2. Sikio ni habari nyingine. Chini yake kuna tezi ya Zymbal, tezi ya mafuta ambayo binadamu hatuna. Saratani yake kujizukia yenyewe ni nadra, na ikianza huwezi kuitofautisha na jipu au jeraha la kuumana. Katika maabara moja niliyopitia, kijana mwenye bidii sana aliuona uvimbe huo kwa panya wa kundi linganishi, yaani wale wasiopewa dawa inayojaribiwa. Akakamua, akapaka ayodini, akaandika "jipu". Panya akafa wikendi. Jumatatu mzoga umeoza, ukaenda tanurini. Baadaye panya wa dozi kubwa wakatoka na uvimbe mahali palepale, na slaidi zikasema Zymbal. Sasa yule wa kwanza alikuwa na nini? Uvimbe unaopata chini ya asilimia 1 ya wanyama wa kundi linganishi ndio tunaouita nadra, kwa hiyo mnyama mmoja tu asiye na dozi anatosha kugeuza hukumu ya dawa nzima. Cesare Maltoni, mtafiti wa saratani, na wenzake kule Bologna, Italia, waliweza kuonyesha kwamba kemikali ya benzini huleta saratani ya tezi hiihii kwa sababu walizichunguza tishu zenyewe. Sisi tulikuwa na neno moja daftarini, limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Kijana alilia. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

3. Baridi ya Julai isiwadanganye: chumba cha panya kina joto, mzoga unaoza haraka. Uwekeni kwenye friji, kamwe si friza, maana barafu inapasua seli. Tishu zihifadhini kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia isiwe na asidi), mara kumi ya ujazo wa tishu.

4. Kabla ya kuandika "umejizukia", ulizeni panya anakula nini na analalia nini. Mahindi yenye ukungu huweza kubeba aflatoksini, sumu ya ukungu huo, nayo huleta saratani ya ini kwa panya. Maranda ya paini ya kulalia panya, kutoka shamba la miti la Sao Hill, ni rahisi kupata, lakini ile harufu mnayoipenda huchochea vimeng'enya vya ini, na matokeo ya jaribio yanavurugika. Yakaushwe kwanza kwa joto kali. Na kila shehena ya chakula ikiingia, wekeni sampuli yake kando hadi ripoti isainiwe.