Mwanafunzi aliyemaliza zoezi la hesabu mapema umpe nini?
Usimwongezee maswali 20 ya aina ile ile; hiyo ni adhabu kwa wepesi wake, na kesho atajikokota makusudi. Geuza swali lenyewe. Badala ya "tafuta eneo la mstatili wa sm 8 kwa 4", mpe mzingo wa sm 24 tu: mistatili gani inapatikana kwa pande za namba nzima, na upi una eneo kubwa kuliko yote? Atafika 6 kwa 6. Hapa ndipo walimu wengi huharibu, wanasema "vizuri" na kupita. Muulize kwa nini. Kisha mzingo uwe 26: mraba umepotea, amebaki na 6 kwa 7, na mwenyewe ataanza kuuliza kama desimali zinaruhusiwa. Nyamaza. Ukimdokezea, umemfanyia kazi yote.