Rekodi ya mwanzo na ya marudio: kwa wanaoingia tamthilia za muziki Nairobi

Ukishachaguliwa kwenye usaili, neno la kwanza utakaloambiwa ni "nenda ukasikilize rekodi." Hakuna anayekuambia usikilize ipi. Unafungua YouTube, unakuta mchezo mmoja una rekodi nne: ya waigizaji wa kwanza wa Broadway, yaani kumbi kubwa za New York, ya London, ya wale waliourudisha jukwaani miaka thelathini baadaye, na ya filamu. Wengi huchukua ile yenye jina wanalolijua, wanaikariri mpaka mahali pa kuvuta pumzi, kisha Jumatatu ya mazoezi mpiga piano anaanza na wao hawautambui wimbo.

Mimi hukaa upande wa piano, na huko ndiko malalamiko huletwa. "Mwalimu, kwa rekodi hakuna hiyo sehemu." "Mwalimu, mbona leo iko juu sana?" Ndiyo maana nawaandikia ninyi mliotoka kwenye kwaya za kanisa na tamasha za shule, mkaingia sasa kwenye mazoezi ya Kenya National Theatre au ya ukumbi fulani wa shule kule Lavington.

Ninavyofanya ni hivi. Chukua rekodi ya mwanzo, yaani ya waigizaji wa kwanza, na moja ya marudio, yaani ya waliourudisha mchezo jukwaani, chagua wimbo mmoja tu, uzisikilize zote mbili ukiwa na nota mkononi. Pale zinapokubaliana, mara nyingi unasikia alichoandika mtunzi. Pale zinapoachana, unasikia uamuzi wa mtu: mwelekezi, mpangaji wa okestra, mwimbaji, au mwenye kampuni ya santuri. Yaliyoandikwa na mtunzi utayaimba upende usipende. Maamuzi ya hao wengine hulazimiki kuyabeba, ila lazima uyatambue, usije ukayabeba bila kujua.

Mwenye kampuni ya santuri ndiye watu humsahau. Chukua mchezo wa Oklahoma! wa mwaka 1943. Kampuni ya Decca iliitoa kwa santuri sita za mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya aina hiyo hubeba dakika tatu na ushei. Wimbo ukizidi hapo, unakatwa beti au unaharakishwa. Nyimbo tatu hazikuingia kabisa, zikaja kutolewa baadaye katika juzuu ya pili. Mojawapo ni "Lonely Room," wimbo wa Jud, yule kibarua wa shamba mwenye kinyongo. Kwenye santuri ile haimbi aliyeigiza Jud. Anaimba Alfred Drake, aliyeigiza Curly, mshindani wake wa mapenzi. Anayejifunza tabia ya Jud kwa rekodi hiyo anajifunza kwa mdomo wa hasimu wake. Sauti ya Drake ni tamu, na hapo ndipo penye hatari.

Kisha nenda kwenye rekodi ya marudio ya 2019 ya mchezo huohuo. Mahali pa okestra kubwa pana bendi ya watu saba, yenye banjo, mandolini na fidla. Sikio la Nairobi litaingia humo bila kubisha mlango, maana nchi hii imelelewa na kina Jim Reeves na Dolly Parton redioni kila Jumapili. Lakini usidhani hivyo ndivyo mchezo "ulivyo." Ni uamuzi wa mwelekezi Daniel Fish na mpangaji wake wa muziki, Daniel Kluger, miaka 76 baada ya mchezo kuanza.

Santuri ndefu zilipokuja mwaka 1948, shida ya dakika ilipungua, ikabaki shida ya siku. Desturi ya Broadway ilikuwa kurekodi siku moja, mara nyingi Jumapili ya mapumziko baada ya onyesho kufunguliwa, waimbaji wakiwa wametoka kwenye wiki nzito za maonyesho. D. A. Pennebaker alipiga filamu ya siku hiyo kwa mchezo uitwao Company, wa 1970, na kila anayeanza kazi hii angeitafuta. Utamwona Elaine Stritch usiku wa manane akipambana na "The Ladies Who Lunch," anarudia na kurudia, sauti imekwisha, na haipati. Ile unayoisikia kwenye rekodi aliiimba alipopumzika na kurudi siku nyingine. Kwa hiyo unapoiga mkwaruzo fulani kwenye rekodi ya zamani, jiulize kama mwimbaji aliutaka au ulikuwa uchovu tu.

Company hiyohiyo inatupa zoezi ambalo sijapata lingine la kulishinda. Dean Jones, aliyeigiza Robert, mhusika mkuu, aliondoka muda mfupi baada ya mchezo kufunguliwa, akaingia Larry Kert. Rekodi ilipotolewa London, sauti ya Kert iliwekwa juu ya muziki uleule uliokwisha rekodiwa. Fikiria unachopata hapo: okestra ileile, mwendo uleule, ufunguo uleule (yaani kimo ambapo wimbo umewekwa), waimbaji wengine walewale, na kilichobadilika ni mtu mmoja tu. Sikiliza "Being Alive" ya Jones, kisha ya Kert, ukiwa na kalamu. Weka alama kila mahali wanapovuta pumzi, kila konsonanti wanayoikazia, kila neno wanalolichelewesha nyuma ya piano. Ukimaliza utajua sehemu ya mwigizaji katika wimbo ni kubwa kiasi gani. Wengi hushangaa kwamba ni hizo pumzi na hizo konsonanti, wala si uzuri wa koo.

Sasa jambo la solfa, maana hapa ndipo sisi wa kwaya hunaswa. Wengi wenu husoma d-r-m kwa haraka kuliko nota za mistari, na ni ujuzi wa kuheshimiwa. Lakini doh huhama kufuata ufunguo. Wewe ukiandika wimbo kutoka rekodi ya 1970 na mwenzako akauandika kutoka ya 2018, karatasi zenu zinaweza kufanana herufi kwa herufi huku ufunguo umehama kabisa. Na marudio huhamisha ufunguo mara kwa mara ili kumfaa nyota wake. Mwaka 2018 huko London, Robert wa Company aligeuzwa mwanamke, Bobbie, akaimbwa na Rosalie Craig. Amy, bibi harusi mwenye kiwewe, akageuka Jamie, akaimbwa na Jonathan Bailey. Hapo huwezi kutarajia nyimbo zibaki zilipokuwa.

Basi kabla hujaandika silabi hata moja, andika juu ya karatasi "Doh ni" nini kwa rekodi ya kwanza, nini kwa ya pili, na nini kwa kitabu cha nota mlichopewa. Programu yoyote ya piano kwenye simu itakuonyesha. Zikitofautiana, fuata kitabu. Tena kwa santuri za zamani usiwe na hakika kupita kiasi: zilipohamishwa kuwa za kidijitali, kasi ikikosewa kidogo, sauti nayo hupanda au kushuka.

Mchezo ninaoupenda kufundishia ni Sweeney Todd, kwa sababu una rekodi tatu zinazojibizana. Ya 1979 ni ya Len Cariou na Angela Lansbury, na okestra ya watu 26 iliyopangwa na Jonathan Tunick. Ya marudio ya 2005, chini ya mwelekezi John Doyle, haina okestra: waigizaji kumi wanaimba na kupiga vyombo wenyewe, kwa mpangilio wa Sarah Travis. Michael Cerveris, ambaye ndiye Sweeney, yule kinyozi muuaji, anapiga gitaa. Patti LuPone, ambaye ndiye Bi Lovett anayeuza pai za nyama, anapiga tuba. Naam, tuba. Kisha 2023 mchezo ukarudi tena na Josh Groban na Annaleigh Ashford, na okestra ya watu 26 ikarudi nao.

Ukilinganisha ya 1979 na ya 2005, kinachobadilika ni muziki wenyewe ulivyovaliwa. Ile ya kwanza inaanza na kinanda cha kanisani, kisha king'ora cha kiwanda kinachokata masikio. Okestra inakufunika, inakuambia uogope. Ya pili ni nyembamba kiasi kwamba unasikia upinde ukigusa uzi. Kila mtu yuko wazi, na harmonia ambazo kwa Tunick zilikuwa zimejificha nyuma ya tarumbeta sasa zimesimama peke yazo. Nikitaka mtu wa alto ajue sehemu yake ya kwaya, humpa ya 2005. Nikitaka mwelekezi ajue mchezo ulitaka ukubwa gani, humpa ya 1979. Ukiweka ya 1979 kando ya ya 2023, vyombo havijabadilika sana, kwa hiyo utasikia namna ya kuimba ya vizazi viwili na namna ya kurekodi. "Marudio" si kitu kimoja, na anayesema "mimi husikiliza za marudio tu" hajasema lolote.

Rekodi ya 1979 ina na hili: wimbo wa Jaji, ile "Johanna" ya kujipiga mijeledi, uliondolewa kwenye mchezo kabla ya usiku wa ufunguzi, lakini kwenye santuri upo. Hadhira ya usiku ule haikuusikia, sisi tunausikia. Rekodi hukata, na rekodi pia huongeza.

Kwa Nairobi, mimi naegemea ya 2005, na sioni haya kusema. Mara nyingi bajeti yetu ni piano, besi, ngoma, na mtu mmoja wa fidla anayetoka mazoezi mengine saa kumi na mbili. Wapiga vyombo wazuri wapo. Vijana wa Ghetto Classics kule Korogocho wanapiga vyombo vya okestra, na bendi za polisi na jeshi zina watu wa tuba wa kutosha. Tatizo ni kuwalipa watu 26 kwa wiki mbili. Rekodi ndogo ya marudio inakuonyesha kile kinachoweza kuondoka na wimbo ukasimama, na hilo mwimbaji mpya analihitaji, kwa sababu akizoea kubebwa na okestra ya 1979 ataanguka siku atakapobaki na piano.

Kuhusu vifaa sina mengi. Spika ya simu haikupi besi, na besi ndiyo inayokuambia wimbo unakwenda wapi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida pale Luthuli zinatosha. Ndani ya matatu sikiliza vitu vingine.

Kabla ya yote hayo, uliza kikundi kimelipia leseni ya toleo gani. Cabaret ina zaidi ya toleo moja. "Mein Herr" na "Maybe This Time," ambazo kila binti huzijua, hazimo katika rekodi ya 1966. Ziliingia kupitia filamu ya 1972 na zimo katika rekodi ya marudio ya 1998. Company nayo haikuwa na "Marry Me a Little" mwaka 1970, lakini rekodi ya marudio ya 2006 inayo. Ukijifunza wimbo ambao haumo katika kitabu chenu, umejifunza wimbo mzuri wa sherehe.

Neno kwa wanaoimba "I'm Here" kwenye usaili, na ni wengi. LaChanze aliiimba katika The Color Purple ya 2005, Cynthia Erivo katika marudio yaliyofika Broadway 2015, na kila mmoja alipata tuzo ya Tony, ile ya Broadway. Ninyi mnaleta ya Erivo na mapambo yake yote, kila mpando wa sauti, hata mahali pa kunong'ona. Meza ya usaili inajua rekodi hiyo kuliko ninyi. Wasikilize wote wawili, uchore mstari mahali wanapoachana, kisha kwa kila mstari uamue lako, hata kama ni dogo. Celie, mwenye wimbo huo mchezoni, anafika kwenye wimbo huo baada ya maisha marefu ya kunyimwa sauti. Ukianza kwa sauti ya kushangilia huna pa kwenda.

Sisi wenyewe tuna mfano usiohitaji Broadway. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu, iliimbwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, ikapigwa marufuku, ikarudishwa jukwaani Kenya National Theatre mwaka 2022. Ukitaka kulinganisha hiyo kwa undani, panda gari la Limuru uwatafute wazee waliokuwepo, uwaombe wakuimbie. Nenda na kinasa sauti.

Mwisho, kuna rekodi ambazo si za mwanzo wala za marudio. Ni za studio tu, na mtandao huzichanganya na hizo nyingine. Inayopotosha zaidi ni West Side Story iliyotolewa 1985, ikiongozwa na mtunzi mwenyewe, Leonard Bernstein. Tony, kijana wa Kimarekani, anaimbwa na José Carreras kwa lafudhi ya Kihispania isiyojificha, na Maria wa Puerto Rico anaimbwa na Kiri Te Kanawa wa New Zealand, wote waimbaji wa opera. Mtunzi akiwa ndiye anayeongoza, mpya hudhani amepata jibu la mwisho. Isikilize kwa ajili ya okestra, maana imepigwa vizuri mno, halafu kwa sauti urudi kwenye ya 1957 na Larry Kert, yuleyule wa Company, na Carol Lawrence.