Barua kwa mwanangu: hiyo 14 yako

Mwanangu Zaituni,

Asalaam aleikum. Karatasi ya maabara uliyonitumia kwenye simu nimeisoma. Unauliza kama vitamini D ya 14, yaani nanogramu 14 kwa kila mililita ya damu, itakuletea saratani na maradhi ya moyo uzeeni, kama alivyokutisha mwenye kliniki, na kama ununue vile vidonge vyake vya yuniti 10,000 umeze kila siku.

Kumi na nne ni kidogo, sikufichi. Watu wengi mifupa yao inataka kama 20. Chini ya 12 ndiko kwenye upungufu wenyewe, ule wa matege kwa watoto na mifupa kuuma kwa watu wazima. Vitamini D ikipungua, utumbo haufyonzi kalsiamu vizuri, mwili unaenda kuikopa mifupani. Deni hilo hulipwa uzeeni, nyonga ikivunjika kwa kuteleza tu bafuni.

Utasema mbona Kampala iko karibu na ikweta. Jua lipo, ila wewe unakutana nalo wapi? Unapanda taksi hapo Bombo alfajiri kwenda Kampala, kutwa uko nyuma ya kioo, unarudi Magharibi imeshaingia. Miale inayotengeneza vitamini D ngozini haipiti kwenye kioo. Tena ngozi zetu nyeusi zinataka jua la muda mrefu zaidi, na sisi tunajisitiri.

La saratani lilishapimwa. Marekani waliwapa watu yuniti 2,000 kwa siku, wengine kidonge kitupu. Jumla yao zaidi ya 25,000, kwa miaka mitano na ushei. Majibu yalitoka 2018: waliopata saratani hawakupungua, wala wa moyo na kiharusi. Kweli, wengi wao hawakuwa na upungufu. Lakini mgonjwa, mnene na mzee asiyetoka nje wote hupima chini, kwa hiyo mara nyingi uchache huo ni dalili ya afya mbaya, si chanzo chake. Hilo mwenye chupa za kuuza hatalisema.

Elfu kumi kila siku acha. Bila usimamizi wa daktari, mtu mzima asipite 4,000. Ukizidisha kwa muda mrefu, kalsiamu hujaa kwenye damu na figo huweza kuota mawe. Meza 1,000 pamoja na chakula chenye mafuta, upime tena baada ya miezi mitatu, maabara ileile. Mchana kalie chakula chako uani, mikono wazi ikiwezekana.

Jumamosi kaka yako atakuletea mukene, yaani dagaa. Uwale na miba yao, kalsiamu iko humo, na safari hii usiwagawie paka wa jirani.

Mama yako