Njano imeisha, na kazi yote ni nyeusi

Duka langu liko Kisauni, chumba kimoja na meza mbili, na kazi zinazoniletea riziki karibu zote ni nyeusi tupu: barua za kuomba kazi, fomu za shule, mitihani ya madrasa. Usiku mmoja ustadh alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri nakala 60 za mtihani wa fiqhi, watoto waukalie asubuhi. Printa ikagoma. Wino wa njano umeisha, ikasema, weka mpya. Katika mtihani ule hapakuwa na hata nukta moja ya njano.

Nilichokifanya usiku ule wewe usikifanye. Nilizitoa katriji zote za rangi, yaani vile vikasha vya wino, nikidhani ikizikosa itatumia nyeusi peke yake. Wapi! Nikampeleka ustadh kwa jirani mwenye fotokopi, katriji nikaziacha mezani, na nafasi zake ndani ya printa zikabaki wazi. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi inavuma na chumba kizima ni joto. Siku tisa baadaye nilipopata pesa ya katriji mpya, kila mstari ulitoka na mapengo, na samawati haikutoka kabisa. Fundi alinimulikia tochi nione: juu ya kichwa cha printa, ile sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, wino umeganda, umekuwa kama gundi iliyokauka kwenye ncha ya chupa. Bei ya kichwa kipya ilikaribia bei ya printa nzima. Ile printa sikuitengeneza.

Kwa hiyo, kabla ya ujanja wowote, fungua kifuniko uhesabu katriji.

Zikiwa mbili, moja nyeusi na moja yenye rangi tatu ndani yake, itoe moja uitazame chini. Ukiona kibamba chembamba chenye matundu yasiyoonekana vizuri kwa jicho, hicho ndicho kichwa, kimekuja na katriji yenyewe. HP nyingi ndogo za nyumbani ziko hivi. Hapo umepona. Toa ile iliyoisha, funga kifuniko, na HP za namna hii kwa kawaida zitaendelea na iliyobaki. Ikibaki nyeusi, barua zako zinatoka kama kawaida. Zikibaki rangi, printa inazichanganya kupata weusi. Hautakolea, utakuwa na ukijivu fulani, lakini unasomeka. Na hata ukikiharibu kichwa, umeharibu katriji tu.

Zikiwa nne au zaidi, kila rangi na yake, kwa kawaida kichwa kimo ndani ya mashine na katriji ni chupa tu za wino. Huku ndiko nilikoumia. Katriji iliyoisha iache mahali pake mpaka uwe na mpya mkononi, maana ndiyo inayoziba hewa.

Nilikuwa nikiamini kugoma kule ni njia ya kutulazimisha kununua. Biashara imo, sikatai, lakini ipo sababu ya kweli pia. Canon na HP hupasha wino moto mpaka povu dogo lirushe tone kwenye karatasi, na wino huohuo ndio unaokipoza kichwa. Kikifanya kazi kikavu kinaungua. Epson husukuma tone bila moto, lakini hewa ikishaingia kwenye matundu kuitoa ni shida. Tena printa inapojisafisha huvuta rangi zote, hata kama wewe unataka nyeusi tu.

Hata hivyo, neno "imeisha" mara nyingi ni hesabu tu ya chipu, kile kibamba cha elektroniki kinachokadiria wino, na wino kidogo huwa umebaki. Canon nyingi zinakubali ukibonyeza kitufe cha kusimamisha kazi kwa sekunde 5 au zaidi, hapo zinaacha kupima wino wa katriji ile. Mimi hufanya hivyo kumalizia kazi iliyo mezani, na herufi zikianza kufifia tu ninasimama. Baadhi ya Epson hukuruhusu kuendelea na nyeusi kwa siku 5 hivi kwenye karatasi ya kawaida rangi zikiisha, basi usome vizuri ule ujumbe kabla ya kuufunga.

Kwenye kompyuta pia kuna mtego. Kuchagua rangi za kijivu si sawa na kuchagua wino mweusi peke yake, kwani kijivu printa nyingine hukitengeneza kwa kuchanganya rangi. Tafuta lile chaguo la pili kama programu yako inalo. Na wenye Canon za nyeusi mbili, ile kubwa ya maandishi ikiisha, iambie printa kwamba umeweka karatasi ya picha. Itatumia nyeusi ndogo pamoja na rangi.

Katriji yenye kichwa ikikauka usiitupe bado. Kunja tishu, iloweshe kwa maji ya uvuguvugu, weka katriji juu yake matundu yakiangalia chini, hesabu mpaka 60. Inua. Ukiona mistari mitatu imejichora kando kwa kando, njano, waridi na samawati, iko hai. Ukikosa mmoja, rudia na tishu nyingine. Juzi kijana mmoja aliniletea yake kutoka Bamburi akiwa keshakata tamaa, na mstari wa njano ulijitokeza mara ya tatu, mwembamba kama uzi, halafu ukapanuka tukiutazama.

Na tafadhali, usizime printa kwa swichi ya ukutani. Zima kwa kitufe chake, usubiri mlio wa kichwa kikirudi kwenye kifuniko chake cha mpira. Stima ikipotea katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi, basi ikirudi tu iwashe kwanza kichwa kirudi mahali pake.

Sasa ninatumia printa ya matangi, ya kumiminia wino kwa chupa. Kila Jumatatu kabla ya kupokea mteja ninachapisha ukurasa wenye rangi zote nne, kisha ninainama kutazama matangi ubavuni. Njano ikikaribia mstari wa chini, ninajaza siku hiyohiyo, maana ikipita hapo hewa inaweza kuingia kwenye mirija.