Miaka Kumi Zaidi ya Maisha Haya? Hapana, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kituo cha basi, nikaurudia tena nyumbani. Unasema Muheza nzima inajua dada yako anakula bata Uingereza, kwamba ile picha yangu ya koti kubwa kwenye theluji imefika hadi kwa watu nisiowajua, na kwamba umepata dalali Dar anayetaka milioni nane akutafutie kazi ya kulea wazee kama yangu. Ukamalizia na swali: "Dada, ukiambiwa miaka kumi ijayo utakuwa unaishi hivi hivi, utaridhika?"

Hapana. Sitaridhika. Na nataka uelewe sababu yake, maana huko watu wanadhani mtu akilalamika huku ni kwa ajili ya baridi au aibu ya kazi.

Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Asubuhi na mapema, kipindi cha baridi bado giza, nafungua kile kisanduku cha namba kilichopigiliwa pembeni ya mlango, natoa ufunguo, naingia huku nikiita jina la mzee asije akashtuka. Nabofya kwenye simu kwamba nimefika, kwa sababu malipo yangu yanaanzia hapo. Nusu saa. Ndani ya hiyo nusu saa nimgeuze ubavu, nimbadilishe pedi, nimwoshe, nimpake krimu pale mgongoni panapotaka kuchubuka, nimvalishe, nimpe dawa na kuziandika, nimwekee chai na mkate mahali mkono wake unapofika. Nikitoka nabofya tena. Kutoka nyumba hiyo hadi nyingine, mwajiri wangu wa kwanza hakunilipa hata dakika moja ya njiani, na hilo liliniuma. Lakini kumwogesha mzee? Bibi yetu tulimwogesha hivyo hivyo uani, mimi na mama, na hakuna aliyetuona duni. Anayeicheka kazi hii hajawahi kuuguza mtu. Ningeweza kuifanya miaka ishirini na nikalala vizuri.

Kinachonimaliza ni makaratasi.

Viza yangu imefungwa kwa mwajiri mmoja. Yeye ndiye mdhamini wangu. Leseni yake ya udhamini ikifutwa na serikali, hata kama mimi sijakosa lolote, naandikiwa barua na kupewa siku 60 nitafute mdhamini mwingine au niondoke nchini. Limempata mwenzangu mmoja wa Zimbabwe. Zile siku zote alikuwa anaomba kazi usiku, mchana anakwenda kwenye usaili, na kila kampuni inamwambia tunachukua watu, ila hatudhamini. Alipata mwishoni kabisa, mji mwingine, akahama na mabegi yake kwa basi. Sasa niambie, mtu anayeishi hivyo atathubutu vipi kumwambia bosi kwamba saa zake zimepunjwa? Ananyamaza. Mimi nilinyamaza miezi mingi. Msamiati wangu wote kazini ulikuwa "sawa" na "hakuna shida", mimi huyu unayenijua kwa mdomo.

Nilivumilia kwa sababu ya hesabu moja: miaka mitano. Ukitimiza miaka mitano na viza hii unaomba ukaazi wa kudumu, unakuwa huru, mwajiri habaki na kamba yoyote. Nilikuja katikati ya 2024, baada ya sheria ya tarehe 11 Machi mwaka huo iliyozuia walezi wapya kuja na watoto au wenza. Nilijua ninamwacha mwanangu. Yuko darasa la kwanza, nikasema, 2029 atakuwa na miaka 12, nitamfuata. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipandisha ndege.

Novemba 2025 serikali ya hapa ikatoa pendekezo: kwa watu wa kazi kama yangu, mitano iwe kumi na mitano. Na wakasema wanakusudia hata sisi tulio ndani tayari lituhusu. Naandika likiwa bado ni pendekezo, lakini fanya hesabu. 2024 jumlisha 15 ni 2039. Mwanangu atakuwa na miaka 22, mtu mzima, hana tena nafasi ya kuja kama mtoto wangu. Kwa hiyo swali lako la miaka kumi, wewe umeuliza kama mazungumzo, huku limeandikwa kwenye karatasi ya serikali, na wanaolijibu siyo sisi.

Mwezi uliopita nilikuwa naongea naye kwa video, mvua inanyesha huko, anataka kutoka akacheze kwenye maji. Nikamwambia hapana, una kifua. Akageuza uso akamwangalia dada yetu aone kama na yeye amekataa. Dada alipotikisa kichwa ndipo akakaa. Sikumlaumu mtoto. Anayemvalisha sweta ni yule pale. Nilikata simu nikaenda shifti ya jioni.

Hapa Leicester kuna duka moja la mhogo na mabamia, mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda, Kiswahili chake kimenyooka kabisa. Namwamkia shikamoo, anafurahi. Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, akawapa siku 90, na halmashauri ya mji huu huu ikatangaza kwenye gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Wakaja. Leo wajukuu zake ni madaktari. Huwa ananiambia vumilia binti, sisi tulianza viwandani, mji huu utakuzoea. Namheshimu sana, na ananitia moyo kweli. Ila yeye na wengi wa wenzake walishuka uwanjani na pasipoti ya Uingereza mkononi na familia pembeni. Yeye alifukuzwa akaja kukaa. Mimi nimealikwa, nikapewa kazi, na kila mwaka naambiwa vingine. Uvumilivu wake ulikuwa na mwisho unaoonekana. Wangu unasogezwa.

Sasa habari ya dalali. Usimpe hata shilingi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga maombi mapya ya walezi kutoka nje ya nchi. Imefunga, siyo imepunguza. Anayekwambia ana nafasi ya kulea wazee hapa anakuibia, na akikuonyesha barua yenye nembo nitumie niione, nitakuonyesha mimi mwenyewe ilipoghushiwa. Usiuze kile kipande cha minazi cha baba. Mama ukimwambia atakubali kwa sababu anakupenda, kwa hiyo usimwambie.

Usije, mdogo wangu. Kaa, lima, uoe, umwone mwanao akikua.

Na papo hapo najua dawa za presha za mama zinatoka kwenye mshahara huu, ada ya mwanangu pia, na bati la nyumba ulimolala. Najua ulivyozunguka na vyeti vyako ofisi kwa ofisi. Siwezi kukaa kwenye nyumba yenye joto nikakwambia ubaki hapo ukisubiri ajira isiyotangazwa. Ndiyo maana nasema, ukija, njoo na kitu ambacho hawawezi kukunyang'anya. Wauguzi waliosajiliwa bado wanapewa viza, na lile pendekezo la miaka 15 halikuwalenga wao. Una kemia na baiolojia nzuri kidato cha nne. Chuo cha uuguzi ni miaka mitatu ya diploma, usajiliwe na baraza la wauguzi la huko, ufanye kazi wodini upate uzoefu. Ukikuta unaipenda na unataka kubaki hospitali ya Bombo pale Tanga, baki, sitakulaumu hata kidogo.

Mimi nimejiwekea 2029. Wakinipa ukaazi, namleta mwanangu hapa. Wakisema nisubiri hadi 2039, narudi, na majirani waseme wanavyotaka kuhusu koti.

Hizo pesa ulizokwisha kuzikusanya, mpe dada akuwekee benki kwa ajili ya ada ya chuo. Zitakazopungua nitaongeza. Nipigie Jumapili mchana kabla sijaingia kazini, na uwe na majina ya vyuo mkononi.