Kukagua pikipiki ndogo iliyotumika kabla ya kulipa

Ndugu yangu, umeuliza uangalie nini kwenye pikipiki ya cc 125 (ujazo wa injini) iliyotumika, unayotaka kwendea kazini kilomita 15 kila upande. Ukubwa huo unakufaa sana, kwani ikiwa nzima hutumia takriban lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100.

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha sogeza kiganja karibu na injini. Ukikuta ina joto, rudi siku nyingine, kwa sababu ugumu wa kuwaka hujificha injini ikishapashwa. Iwashwe ikiwa baridi, nawe utazame bomba la moshi: moshi wa buluu usiokoma unaonyesha kwamba injini inachoma oili, mara nyingi kwa kuchakaa kwa ringi za pistoni au sili za valvu, na matengenezo yake yanaweza kumeza fedha yote uliyookoa. Mimi singeinunua hata ikipunguzwa bei.

Uvute mnyororo kwa nyuma, pale unapoizunguka sproketi kubwa (gurudumu la meno linalozungushwa na mnyororo). Mnyororo ukiinuka hadi ukaona mwanga kati yake na meno, umekwisha, na sproketi nazo hubadilishwa pamoja nao. Namba za fremu na injini zilingane na kadi ya usajili. Zikitofautiana au zikiwa zimekwaruzwa, ondoka.

Ukishainunua, badilisha oili mara moja, kisha upime kiwango chake kila wiki, maana injini hizi hubeba takriban lita moja tu.